Shanga za Mheshimiwa Mkwaya

Mgeni anayefika katika Jamhuri ya Uradhi kwa mara ya kwanza hushangazwa na shingo za wabunge wake. Huwaona wakishuka kwenye magari, vichwa vimeinama, videvu vimegusa vifua, wanatembea polepole kama watu waliodondosha kitu na bado wanakitafuta. Mgeni hudhani ni huzuni. Si huzuni hata kidogo. Ni kumbukumbu za Bunge, na kumbukumbu zina uzito.

Watu wa Uradhi hawaandiki kura za wabunge kwenye karatasi. Waasisi wa nchi waliona kwamba karatasi hulowa, huliwa na mchwa na, lililo baya zaidi, husomwa. Wakaamua kila mbunge azivae kura zake shingoni. Jambo la Ikulu likiletwa bungeni na mbunge akaliunga mkono, hutungiwa ushanga wa kijani kwenye uzi wake. Akilipinga, hutungiwa ushanga mweusi. Kwa njia hiyo mwananchi yeyote, hata ambaye hakubahatika kusoma, anaweza kumtazama mwakilishi wake barabarani na kujua amekuwa akisimama wapi. Ni utaratibu mzuri sana. Nchi kadhaa zimewahi kutuma wajumbe kuja kujifunza, nao walirudi kwao wakiwa wamejaa mawazo.

Shanga zenyewe ni za udongo wa kuchoma, kila mmoja mkubwa kama ndimu changa.

Mheshimiwa Hamdani Mkwaya, mbunge wa Bonde la Sango, alikuwa na uzi wa wastani. Ulimzunguka shingo mara kadhaa, ukateremka mpaka kitovuni, na shanga zake zote zilikuwa za kijani. Isidhaniwe kwamba alikuwa mwoga au mlafi. Kabla ya ubunge alikuwa akitengeneza redio, kazi aliyojifunza mwenyewe kwa kuzifungua zilizokufa na kuzitazama, na tabia ya kutazama kitu kwa utulivu kabla ya kukigusa haikumtoka. Kila jambo la Ikulu alilipima. Tatizo ni kwamba kila moja, likipimwa peke yake, lilikuwa na maana.

La kwanza lilikuwa mapazia mapya ya Ikulu. Nani atapinga mapazia? Likafuata la kumpa Mkuu wa Nchi siku ya pili ya kuzaliwa, kwa kuwa ile ya kwanza iliangukia msimu wa mvua na gwaride lilikuwa likiharibika. Likaja la kumruhusu Mkuu kuteua majaji kutoka miongoni mwa ndugu zake, kwa hoja kwamba hao angalau anawafahamu tabia. Kisha la kumruhusu kukopa kwa niaba ya taifa bila kuuliza, maana kuuliza kulikuwa kukichelewesha mikopo. Mkwaya aliyapima yote, akayaona madogo, au makubwa lakini ya mbali. Alijiambia kwamba upinzani wake ameuhifadhi kama mtu anavyohifadhi shati jema sandukuni. Siku ya shughuli atalitoa.

Siku ya shughuli ikaja. Ikulu ilileta Muswada wa Kuupumzisha Mto Sango.

Maelezo ya muswada yalikuwa ya upole. Yalisema Mto Sango umekuwa ukifanya kazi mchana na usiku, bila likizo wala kiinua mgongo, tangu dunia iumbwe. Serikali inayojali haiwezi kulifumbia macho jambo hilo. Kwa hiyo mto utaondolewa bondeni na kupelekwa kilimani, kwenye Ikulu Ndogo, ambako utapumzika ndani ya bwawa pamoja na bata maji ambao Mkuu alizawadiwa na rafiki yake wa ng'ambo.

Bondeni watu walilima mpunga kwa maji ya mto huo. Mmoja wao alikuwa Mwajabu, dada mkubwa wa Mkwaya, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

*

Mkwaya alipofika nyumbani kwa Mwajabu, alimkuta uani akipepeta mchele. Akaketi kwenye kigoda, na shanga zake zikamgonga mapajani.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema Mwajabu bila kuinua macho.

"Dada, niite Hamdani."

"Hamdani nilimlea mimi, alikuwa na shingo. Wewe sikujui." Alipuliza makapi yakamwangukia mdogo wake magotini. "Nasikia mto wetu umechoka. Ulikulalamikia wewe?"

"Haujanilalamikia."

"Mimi nauamkia kila siku alfajiri, haujawahi hata kuguna. Sasa niambie. Mpunga wangu ndio kwanza unaanza kutoa mashuke. Maji yakienda kwa bata, mimi nile nini? Hizo shanga zako zinapikika?"

Mkwaya alipangusa makapi magotini. Kisha akamweleza, taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza wateja ni waya gani uliokatika. Katiba ya Uradhi ilikuwa na kifungu ambacho hakijawahi kutumika. Kilisema jambo la Ikulu likipitishwa na wabunge wote, litekelezwe mara moja. Lakini likipingwa hata na mbunge mmoja, lisimame mpaka wananchi wanaoguswa wasikilizwe mahali pao, kila mwenye la kusema aseme.

Mwajabu akaweka ungo chini. "Yaani ushanga mmoja mweusi unatosha?"

"Mmoja tu, dada."

"Na hao watakuja kutusikiliza hapa?"

"Sheria inasema mahali penu."

"Wakija hapa, wallahi, wataondoka wamesikia." Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, kisha akamtazama usoni. "Hamdani. Sikukuomba kitu tangu uwe mkubwa. Hata bati sikukuomba."

"Najua."

"Basi nenda ukaulete huo mweusi."

*

Shanga za Bunge zilitunzwa na afisa aitwaye Mtunga Shanga Mkuu, Bwana Pazi Mlekwa, mtu mchangamfu mwenye ofisi yenye zulia na wasaidizi wengi wa kushika uzi. Alimpokea Mkwaya kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa! Shingo inaendeleaje? Tuna mafuta mapya ya kuchulia, ya mkaratusi."

"Nashukuru, Bwana Pazi. Nimekuja kuulizia ushanga mweusi. Nataka uwe tayari siku ya kura ya mto."

Bwana Pazi hakukasirika. Alitabasamu kama mwenye duka aliyeulizwa bidhaa ya zamani.

"Mweusi. Enhee. Hizo hatuna."

"Zimekwisha?"

"Haziwezi kwisha, Mheshimiwa, maana hazijawahi kuwepo. Waasisi waliagiza za kijani kwanza ili kazi ianze. Nyeusi ziliachwa zije zikihitajika."

"Sasa zinahitajika. Mimi nazihitaji."

"Naona, naona. Lakini kuagiza shanga ni matumizi, na matumizi ya Bunge huidhinishwa na Ikulu. Ikulu huidhinisha kukiwa na ushahidi wa mahitaji. Ushahidi wa mahitaji ni shingo yenye ushanga mweusi." Alifungua mikono kwa masikitiko ya kweli. "Tuoneshe hata mmoja tu, tutaleta gunia zima."

Mkwaya alishika ushanga mmoja wa shingoni mwake. "Je, nikiupaka rangi huu wa kijani uwe mweusi?"

"Kuharibu mali ya Bunge," alisema Bwana Pazi kwa upole. "Kifungo. Nisingependa likupate. Ngoja nikuitie kijana akuchue."

Mkwaya alikataa kuchuliwa, akatoka. Kwenye ngazi alikutana na Mheshimiwa Kondo Mtalika, mbunge mkongwe kuliko wote, ambaye shingo yake ilikuwa imepinda kiasi kwamba aliwatambua watu kwa viatu.

"Viatu vya Mkwaya hivi," alisema Mtalika. "Vimetoka kwa Pazi vikiwa vinaburuta. Umeulizia nyeusi?"

"Umejuaje, mzee wangu?"

"Na mimi niliwahi kuulizia. Nilikuwa bado naliona jua." Alishusha pumzi. "Baadaye nikajaribu kutokuja siku ya kura. Wakanitungia wa kijani. Kutokuja, wakasema, ni kuwaamini waliokuja. Nikajaribu kuja na kunyamaza. Kunyamaza, wakasema, ni kukosa neno la kuongeza. Kuna siku nilijifanya nimezimia."

"Wakasemaje?"

"Furaha iliyopita kiasi. Siku hiyo walinitungia mbili."

"Hakuna aliyewahi kusimama akasema waziwazi?"

Mtalika alivifikiria viatu vya mwenzake kwa muda mrefu. "Hicho hatujajaribu," alisema. "Tulijua kimekatazwa. Sasa nashangaa, sikumbuki ni nani aliyekikataza."

*

Siku ya kura ukumbi ulijaa. Waziri wa Masuala ya Ikulu alisoma hotuba ndefu kuhusu uchovu wa maji, na wabunge kadhaa walifuta machozi, ingawa kwa jinsi vichwa vilivyoinama ilikuwa vigumu kujua nani anafuta machozi na nani anafuta shanga. Kisha Spika, Mheshimiwa Mfaume Lindu, akagonga meza.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

Ukumbi ulitikisika.

"Wasioafiki," alisema Spika, huku akikusanya vitu vyake aondoke, maana sehemu hiyo ilitajwa kwa heshima ya mila tu.

Mkwaya akasimama. Alishika shanga zake kwa mikono yote miwili ili aweze kuinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu ale kiapo aliona dari ya Bunge. Ilikuwa imechorwa Mto Sango, na watu wakivuna pembezoni.

"Mheshimiwa Spika, napinga."

Hakuna aliyezomea. Wengi hawakujua sauti imetoka wapi. Spika alivaa miwani yake, akamtazama kwa huruma.

"Mheshimiwa, unajisikia vizuri?"

"Najisikia vizuri. Napinga muswada huu. Naomba wananchi wa Bonde la Sango wasikilizwe, kama Katiba inavyosema."

"Ahsante sana. Mchango mzuri." Spika akageukia pembeni. "Mtunga Shanga, fanya kazi yako."

Bwana Pazi alikuja na wasaidizi wake, akafungua uzi wa Mkwaya kwa ustadi, na kumtungia ushanga wa kijani.

"Bwana Pazi, nimepinga! Umenisikia!"

"Nimekusikia vizuri kabisa, Mheshimiwa. Huu ni wa muda," alinong'ona Bwana Pazi, akifunga fundo. "Kura haiwezi kukaa bila ushanga, haipendezi. Nyeusi zikipatikana tutabadilisha. Binafsi nimependa sauti yako, imetulia."

Spika akapitisha macho kwenye shingo za ukumbi, safu baada ya safu, akatangaza: "Naona kijani mwanzo mpaka mwisho. Muswada umepita kwa kauli moja, na utekelezwe mara moja."

"Utaratibu, Mheshimiwa Spika!" alisema Mkwaya. "Nimesema napinga. Ukumbi mzima umesikia."

"Hakuna anayekataa kwamba umesema. Ila Bunge hili, Mheshimiwa, husoma shingo. Halisomi makoo. Tungeanza kufuata kila kinachotoka kooni mwa watu, nchi ingekuwa wapi?"

"Wapi, wapi!" ukumbi uliitikia.

"Basi naomba kumbukumbu yangu isahihishwe. Huu ushanga wa mwisho si wangu."

Spika akashauriana na makarani wake. Alikuwa mtu wa haki, na alitaka Mkwaya apate kila alichostahili kisheria.

"Haki ya kusahihisha unayo," alisema hatimaye. "Kumbukumbu ya mbunge husahihishwa kwa kukata uzi. Ila nikutahadharishe kwa wema. Uzi ukikatwa, shanga zote hutoka, za zamani na za leo. Zitabidi zitungwe upya mbele ya Bunge, na hilo huchukua muda."

"Ule wa leo ukitoka, muswada utakuwa umepita kwa kauli moja?"

"Shingoni pako hapatakuwa na ushanga wa kijani. Hilo nakubaliana nawe."

Mkwaya alilipima. Alilipima kama alivyoyapima yote, upande huu na upande ule. Aliona mpunga wa dada yake ukitoa mashuke. Aliona kwamba hii ndiyo njia iliyobaki, na kwamba Spika mwenyewe amemwonesha. Kando yake Mheshimiwa Mtalika alisema kwa sauti ya chini, "Viatu vyako vimesimama vibaya, kijana. Kaa." Mkwaya hakukaa. Alichukua kisu cha kufungulia bahasha kilichokuwa mezani, akaingiza ncha chini ya uzi, akakata.

Shanga zikamwagika. Ziligonga sakafu ya marumaru kama mvua ya mawe, zikaviringika chini ya viti, zikapita kati ya viatu, na wabunge, ambao macho yao yalikuwa tayari yameelekea chini, waliziona zote. Wengine walinyanyua miguu. Mkwaya alisimama wima, shingo tupu, na alijihisi mwepesi kiasi cha kuogopa kwamba ataanguka.

"Sasa, Mheshimiwa Spika," alisema, "soma shingo yangu."

Spika aliisoma. Aliisoma kwa makini, hata akaegemea mbele. Kisha akauliza makarani, na makarani wakatikisa vichwa.

"Sioni kura yoyote," alisema.

"Ndivyo nilivyotaka."

"Si ya leo tu. Sioni ya mapazia. Sioni ya majaji. Mtu ambaye hana hata kura moja hajawahi kupiga kura, na ambaye hajawahi kupiga kura katika Bunge hili hawezi kuwa mbunge wa Bunge hili." Aliitazama saa yake, kisha akamtazama Mkwaya kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia. "Bwana, sijui umeingiaje humu. Naona umekuja kwa nia njema, kwa hiyo sitawaita polisi. Walinzi, msindikizeni huyu mwananchi mpaka nje. Wabunge wote waliobaki wana kijani. Naurudia uamuzi wangu: muswada umepita kwa kauli moja."

Walinzi walimsindikiza kwa adabu. Mlangoni mmoja wao alimwuliza kama angependa kununua tiketi, maana wananchi wanaruhusiwa kutazama wakiwa juu kwenye roshani, siku ambazo hakuna kikao.

*

Alirudi bondeni akiwa na begi lake tu. Mwajabu alimtazama shingo kwanza.

"Mweusi uko wapi?"

Akamsimulia yote, bila kujipamba. Mwajabu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulipokuwa umebeba shanga, hukuweza kusema," alisema. "Na ulipozitupa, hukuwepo."

"Ndiyo, dada."

"Mmh. Walikaa wakalifikiria hilo, wale."

Matingatinga yalifika kabla ya mpunga kuiva. Siku ya kuugeuza mto, wakazi wote waliitwa ukingoni. Kulikuwa na turubai, bendi ya polisi, na viti vyekundu vya wageni. Waziri wa Masuala ya Ikulu alisimama kwenye jukwaa, kidevu kifuani, akazungumza na miguu yake kwa sauti kubwa.

"Ndugu wananchi! Nimefarijika kuona mmefika kwa wingi namna hii. Kufika kwenu ni uthibitisho kwamba mmeridhia!"

Manung'uniko yakapita kwenye umati kama upepo kwenye mashuke. Mwajabu akapaza sauti, "Sisi hatujaridhia! Tumeitwa!" Wanawake waliokuwa karibu naye wakaitikia, na mmoja akasema, "Basi tuondokeni! Tuwaachie jukwaa lao, waone!" Watu wakaanza kugeuka, wakakunja mikeka, wakainua watoto.

Mkwaya alimshika dada yake mkono. "Dada, wakiondoka wataandikwa kwamba wanaiamini serikali iendelee bila kusimamiwa."

"Basi wabaki."

"Wakibaki wameridhia. Amekwisha kusema."

"Wapige kelele!"

"Shangwe."

"Walie?"

"Machozi ya furaha. Niliyaona bungeni."

Mwajabu aliutoa mkono wake. Alimtazama mdogo wake kwa hasira, kisha hasira ikakosa pa kwenda, akabaki anamtazama tu. Jukwaani Waziri alikuwa ameshaukata utepe. Bendi ikapiga. Kule juu tingatinga likasukuma kifusi cha mwisho, na mto ukasita kidogo penye kona, ukageuza uso wake kuelekea kilimani, ukaenda. Haikuchukua muda. Chini yao mawe yalianza kuonekana, meupe, yakikauka moja baada ya jingine, na samaki wadogo wakirukaruka katikati yake.

Katika shamba la Mwajabu, pembeni kabisa, lilibaki dimbwi. Maji yake yalikuwa ya matope na hayakuzidi magoti.

"Yatatosha?" aliuliza Mwajabu.

Mkwaya aliyatazama. Akautazama mpunga, tuta la kwanza, la pili, mpaka la mwisho kule kwenye mpaka. Alikuwa amezoea kupima kabla ya kusema.

"Hayatatosha."

Mwajabu alikunja khanga yake, akaingia dimbwini, akajaza ndoo ya kwanza na kumnyooshea.

"Shika," alisema. "Anza na tuta lile la mbali."